Mkono Ambao Bibi Alisema Unauma

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule niliishia darasa la saba, na nikiandika ukurasa mmoja jua linahama kutoka mlangoni hadi ukutani. Naandika kwa sababu jarida hili linasomwa na wenzangu wenye usonji, na najua hamtanicheka.

Usiku ule ulikuwa wa thelathini na nane tangu tumzike Bibi, aliyenilea. Sikuwa nimekula. Tangu msiba, chakula kilikuwa hakipiti na usingizi ulikuja kwa vipande. Jioni yake Mjomba Athumani, mtoto wa Bibi, aliniita.

"Siku ya arobaini utakaa mlangoni na kina mama, upokee mikono ya watu," alisema. "Siku ya mazishi ulikimbilia ghalani. Wanasema hukumpenda mama yangu, na mimi sina la kuwajibu."

Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Lakini mtu akinishika mkono, nasikia kama nimeshikishwa sufuria ya moto, na mikono ikiwa mingi kichwa kinajaa kelele mpaka sijui nilipo. Bibi alilijua hilo. Wageni wakija alikuwa akiwawahi: "Huyu msimshike, mkono wake unauma." Mwaka jana daktari wa wilaya alituambia kuwa ni usonji, ila Bibi aliona neno hilo gumu kwa wageni, akabaki na lile la mkono. Nami nikanyamaza.

"Na usiniambie habari za mkono," Mjomba aliongeza. "Mkono gani unauma miaka kumi bila kuvimba?"

Basi nikalala hivyo hivyo, na nilipolala nilikuwa nimekaa uani, nachambua mchele wa hitma ya arobaini. Bibi akaja bila kubisha hodi, miguu mitupu. Akakaa mbele yangu, akashika ungo upande wake. Mimi nikashika upande wangu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisalimiana, ungo ukiwa katikati. Nilijua kwamba amekufa na wala halikunisumbua.

Tunapepeta. Pumba zinaruka, zinakuwa vumbi la chaki, na sasa tuko katika darasa langu la zamani. Kwenye madawati wamekaa wageni wa msibani, na khanga zao na kanzu zao, magoti yamebanwa chini ya meza za watoto. Wanasimama mmoja mmoja, wanakuja kunipa mkono wa pole. Bibi anawaambia, "Mkono wake unauma." Kila akisema hivyo, kitambaa kinajizungusha mkononi mwangu mara moja. Anakuja mgeni mwingine, mzunguko mwingine. Mkono umekuwa mkubwa kama mto wa kulalia. Siwezi kuuinua, siwezi hata kuushika ungo.

"Bibi," nasema, "basi."

Wageni hawapo tena. Tuko kando ya kaburi lake, udongo bado haujakaa vizuri. Bibi anakaa chini, anaanza kukifungua kile kitambaa taratibu, na hata kidole chake kimoja hakigusi ngozi yangu. Anafungua, anafungua. Mwishoni mkono unatokea, mzima, una vumbi la mchele.

"Nilikufunga mimi," anasema. "Niliona ndiyo rahisi."

"Hata mimi niliona rahisi, Bibi."

Anakikunja kitambaa, anakiweka mapajani. Ananiangalia muda mrefu, lakini si machoni, maana anajua.

"Mjukuu wangu, wewe si mgonjwa wa mkono. Waambie ulivyo. Mimi nilipo siwezi tena kukusemea."

"Mbele za watu siwezi."

"Nani kakwambia mbele za watu? Anza na Athumani. Ila asikuone kabla hajanywa chai."

Nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniamsha. Kulikuwa kumepambazuka. Mashavu yangu yalikuwa na machozi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia njaa.

Nilimsubiri Mjomba amalize kikombe cha pili.

"Shikamoo Mjomba. Mkono wangu hauumi."

"Marahaba. Afadhali, umepona."

"Haujawahi kuuma."

Akaweka kikombe chini. "Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Bibi alisema vile ili watu wasinishike. Nikishikwa naumia, lakini si mkono tu, ni mimi mzima. Ndivyo nilivyozaliwa. Ghalani nilikuwa namlilia Bibi."

Mjomba akauliza, "Na ile dawa ya kuchua niliyokuwa naleta kila Idi?"

"Bibi alikuwa anapaka magoti yake."

Akacheka mpaka akafunika uso kwa kofia, na alipoiondoa macho yake yalikuwa mekundu. "Mama yangu huyo," alisema. "Haya, watu wakija utawapokeaje?"

"Nitaweka mkono kifuani. Nitawaambia ahsanteni kwa kuja. Wakizidi, nitakwenda nje nitulie, kisha nitarudi."

"Mimi nitawaambia wanaume. Kwa kina mama, hasa Mama Zuhura, utasema mwenyewe. Yule mimi simwezi."

Siku ya arobaini nilisema mwenyewe. Mama Zuhura alinuna, akasema siku hizi vijana wana mambo, halafu akaweka mkono kifuani kama mimi. Nilitoka nje mara tatu, na mara tatu nilirudi. Hakuna aliyesema tena kwamba sikumpenda Bibi.

Huo ndio ujumbe alionipa, nami nimewaletea. Wewe unayesoma, nani alikuwa akikusemea? Na ulipoanza kusema mwenyewe, ulimwambia nani kwanza? Niandikieni hapa hapa jaridani. Nachelewa kujibu, lakini najibu.