Kitambaa cha Mwanajeshi, Kofia ya Bwana Harusi

Tangu niache skuli kidato cha pili, nashona nguo kwenye duka moja Darajani. Juzi waliingia mume na mke kuchukua nguo za harusi ya binti yao, huku wakibishana. Mke anataka wanawake wapigiwe ngoma, wacheze wenyewe kwa wenyewe ndani, mume hataki hata kusikia.

Kwenye televisheni palikuwa na filamu kongwe ya vita. Wanajeshi waliweka santuri, wakaanza kucheza wawili wawili, wanaume watupu. Katika kila wawili, mmoja alifunga kitambaa cheupe mkononi.

"Kitambaa cha nini?" niliuliza.

"Huyo ndiye mwanamke," mume alicheka. "Maskini, wake zao wako mbali. Waache wajifurahishe, kesho wanakwenda kufa."

"Na sisi tukicheza ndani, mmoja huvaa kofia akawa bwana harusi," mke alisema taratibu. "Tena hatwendi kufa. Tunaozesha mtoto tu."

Mume aliwatazama wale wanajeshi mpaka santuri ilipokwisha. Kisha akavua kofia yake ya viua, akampa mkewe.

"Irudi safi," alisema, akatoka kichwa wazi.

Mimi bado nawaza wale wanajeshi walipatanaje nani afunge kitambaa. Kwetu wanawake kofia hugombaniwa.