Doris na Mguu wa Mzee Luhaga

Watu wa Zombo wakikuambia Doris ni mtaalamu wa kompyuta, wasamehe. Doris ni fundi cherehani. Mimi Fausta nashona naye kibaraza kimoja, huu mwaka wa tisa, nayajua makosa yake yote na yeye anayajua yangu.

Kompyuta alipewa na kaka yake, kuukuu, kioo kina mstari, betri ilishakufa. Akasoma kozi ya miezi mitatu Mikumi, akarudi na programu ya bure ya kuchonga miili ya watu kwenye skrini. Wenzake huchonga kwa kalamu maalumu. Yeye ana mausi. Programu ina brashi chungu nzima, lakini kompyuta yake inabeba tatu tu: ya kuvuta, ya kuvimbisha, ya kulainisha. Akigusa ya nne inaganda, nasi tunapata nafasi ya kunywa chai. Kwa hizo tatu alichonga mikono, migongo, matumbo ya wajawazito, mpaka karakana moja ya viungo bandia Morogoro ikaziona kazi zake, ikamwambia: mpime mgonjwa wa huko kwenu, utuchongee umbo la mguu wake uliokatwa, sisi tutatoa kikombe cha plastiki cha kuuingiza, na mguu bandia chini yake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzee Luhaga, Msukuma mwenye ng'ombe arobaini, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kugongwa na lori la miwa Kidodi. Mdogo wake, Nyanda, alikuwa ameshatoa neno: mwezi ukiisha mzee hajatembea, ng'ombe wote anawahamishia kwake. "Ng'ombe hawachungwi na mtu wa kwenye kigoda," alisema mbele ya kaka yake, bila haya.

Doris akaenda na tepu yake, nami nikamsindikiza. Shikamoo, marahaba, akapiga magoti, akampima juu ya suruali. Ndivyo tunavyompima kila mzee. Nani atamwambia baba wa watu avue? Tena kwa mazoea akaongeza nusu inchi ya kupumulia, kama nguo isiyotakiwa kubana. Nilimwona, na hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kikombe kikaja baada ya wiki mbili. Mzee akakivaa, akasimama, akapiga hatua mbili, mguu ukazunguka kama kofia ya kuazima, akaanguka pale pale uani. Nyanda alikuwepo. Akacheka. Loo, nilitamani kumpiga na mkasi!

Doris akapiga simu Morogoro. Fundi wa kule akamuuliza, "Dada, ulipima mtu au ulipima suruali?"

Siku ile hakula. Zilibaki siku kumi na moja. Kesho yake tukarudi, na Doris akasema tangu mlangoni, Imelda mke wa mzee akisikia: "Baba, kosa ni langu. Nilikuonea haya. Nahitaji kuuona mguu wenyewe na kuugusa."

Mzee akaitazama mikono ya Doris. "Wa hospitali waliugusa na glavu," akasema. "Wewe?"

"Mikono mitupu, baba."

Akapandisha suruali mwenyewe. Imelda akaangalia ukutani. Doris akapitisha kidole gumba taratibu, kila upana wa vidole viwili akipima na kuandika. Mbele akakuta mfupa umejitokeza, jambo ambalo tepu isingemwambia kamwe; kila mara mzee alipokunja uso, akaweka alama. Kisha siku tatu nzima akawa kwenye mausi yake, anavuta, analainisha, pale penye mfupa anavimbisha kidogo tu, kikombe kisiuminye. Wenye sare za shule tulizokuwa hatujamaliza kushona walitusema sana. Potelea mbali.

Safari hii Morogoro walifanya haraka. Kikombe kilipelekwa kwa mzee na bodaboda zikiwa zimebaki siku nne, na sisi hatukuambiwa lolote. Doris akawa anashona, anafumua, anashona tena. Nikamwambia atulie, akaniambia ninyamaze.

Siku ya mwisho, saa moja asubuhi, ng'ombe wakapita mbele ya kibaraza, vumbi tele. Nyuma yao alikuja mzee Luhaga, anachechemea kidogo, fimbo ameiweka begani. Doris akainuka na uzi mdomoni.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba," akajibu, wala hakupunguza mwendo. "Tutaongea jioni, mwanangu. Ng'ombe wametangulia."