Ngozi ya Pampu ya Upepo

Pampu ya upepo ililetwa kijijini kwetu, upande wa Hirbadaw, na lori la shamba la ngano la serikali. Trekta lao ndilo lililosimamisha mnara. Wakubwa wakatuambia upepo ni bure, tusahau habari za dizeli. Nilikuwa nimesimama na ndoo yangu kwenye alama za matairi ya trekta hilohilo, nikapiga makofi kama wenzangu.

Maji yalitoka, sikatai. Ndipo tukaacha kisima cha zamani. Kilichimbwa na babu za mume wangu, na kila kiangazi kila nyumba ilitoa mtu wa kwenda kuzoa tope, hata nyumba yenye harusi. Pampu ilipokuja tukasema tutazoa mwakani. Mwakani ikafika, hakuna aliyesema kitu. Kuta zikaanguka, mbuzi wakawa wanapita juu.

Kisha ukaja ule mwaka dizeli ilipoadimika. Pangaboi likazunguka vizuri tu, bomba likatoa hewa. Fundi wa shamba, mtu wa kutoka Tanga, alikuja kwa baiskeli, akasema ngozi inayopandisha maji ndani ya pampu imekwisha na ya akiba hakuna. Tulicheka. Ngozi? Sisi tunaolala juu ya ngozi? Mume wangu akakata kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye ngozi ya kitanda chetu, akakilainisha kwa mafuta. Fundi akakipima, akasema kitafaa.

Lakini ili kukiweka, mabomba yote lazima yavutwe kutoka ardhini, na hiyo ni kazi ya trekta. Tukasema tutavuta kwa maksai. Akakataa, akasema yakidondoka shimoni hakuna wa kuyatoa. Na matrekta yalikuwa yamelala. Hata ngano yenyewe ilisimama shambani imeiva, inaliwa na ndege.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa kwangu mwenyewe. Baba yangu alinipa siku niliyoolewa, na watoto wangu wote wamekunywa maziwa yake. Mwaka ule alikuwa na mimba. Wanaume walijaribu kukichimba tena kile kisima, wakafika kwenye unyevunyevu tu, wakachoka. Maji niliyobeba kutoka mbali yalitosha watu. Ng'ombe akaanza kulamba ukuta wa nyumba.

Nikamfuata fundi mpaka karakana.

"Mama, upepo si mnao?" akaniambia. "Au nikufungie huo upepo kwenye gunia?"

"Funga," nikamjibu. "Uutie kwenye trekta lako, tuone kama litawaka."

Akaacha kucheka. Akasema dizeli ikifika tu, trekta la kwanza litakuja kwetu. Nilimwamini, hakuwa mtu mbaya.

Mume wangu akasema tumpeleke ng'ombe kwa kaka yangu kule Endasak, kwenye chemchemi za mlima. Nikamuuliza na mimba ile atafika vipi.

"Hapa atakufa unamwangalia," akasema. "Kule angalau kuna maji."

Kaka yangu akaja kumchukua, nikamfungua kamba kwa mkono wangu.

Dizeli ilikuja, na fundi akatimiza neno lake. Trekta likavuta mabomba, ngozi yetu ikawekwa, na kabla jua halijawa kali maji yakatoka. Watu wakaimba. Mimi nilimwambia mume wangu aondoke saa ileile akamrudishe ng'ombe wangu.

Alirudi na ngozi begani. Kaka yangu alikuwa amesema ng'ombe alifika, akanywa, akalala, hakuamka. Ndama alikuwa bado ndani.

Siku hizi tuna pampu ya sola. Siisemi vibaya, maji yake nayanywa. Ila kamati ya maji ilipokuja kuniamkia, niliuliza mitambo ile imeletwa na gari linalokunywa nini, na ikiharibika fundi atakuja na nini. Wakasema bibi ana maswali. Nikauliza pia kisima kitazolewa lini. Mpaka leo hakijazolewa.

Ngozi ya ng'ombe wangu sikuilalia. Mwaka uliofuata kifo chake fundi alipita, akaniuliza kwa aibu kama nina kipande cha akiba kwa ajili ya pampu ya upepo. Niliingia ndani nikaleta kisu. Ilikuwa ngozi nzuri, nene, haina tundu. Nikamkatia.