Tonge la Bibi Rapiga

Bibi wa miaka themanini alinishika kidevu mbele ya watu mia tatu, akanisogezea mdomoni tonge la nyama ya farasi. Kwa mkono wake mwenyewe.

Simu zikainuliwa ukumbi mzima.

Nikajisemea, Kuralay, leo umepatikana.

Ngoja niwaeleze, maana wengine mnaijua sura yangu tu.

Nilianza kuimba kwenye televisheni nikiwa na miaka sita. Kazakhstani nzima ilinipendea mashavu. Kina mama wakinikuta sokoni walikuwa wananiminya kama wanachagua nyanya.

Nikafika miaka kumi na tatu. Watu walewale wakaanza kuandika mtandaoni kwamba mtoto kawa pipa. Mama, ambaye ndiye alikuwa meneja wangu, akasema, "Punguza kidogo tu, mwanangu."

Nikapunguza. Ila sikujua pa kuishia.

Miaka sita baadaye nilianguka jukwaani katikati ya wimbo. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya shoo.

Siwafichi, nilikuwa nakufa. Daktari wa mjini Almaty alimwambia mama hivyohivyo, bila kumung'unya maneno. Mama akalia, akaniomba radhi, na umeneja akauacha siku ileile.

Nikahamia kwa kaka. Mwaka mzima nilikula kwa ratiba ya daktari, na msimamizi wangu alikuwa mke wa kaka, Zhanat. Mwanamke yule ana mdomo, lakini subira yake inaushinda mdomo.

"Wifi, mimi sina haraka," alikuwa ananiambia, sindano zake za kufumia mkononi. "Hicho kijiko kikichukua saa nzima, nafuma soksi."

Kaka yangu sasa ana soksi mpya jozi kumi na moja.

Nyumbani nikaweza. Mbele za watu, hapana. Hofu ilikuwa palepale.

Ndipo ikaja kazi yangu ya kwanza tangu niugue: sherehe ya Bibi Rapiga kutimiza miaka themanini, huko mjini Taraz. Tulifika na wifi mapema mchana, mimi sijapaka hata wanja, nimevaa sweta yake. Wakatukalisha karibu na vitukuu wa Bibi tusubiri zamu yangu.

Sasa kwetu, mzee akishakula, huchota nyama kwenye sinia akawalisha vijana mdomoni. Ni baraka. Ukikataa umemtukana yeye, umeutukana ukoo, na farasi pia.

Akaanza na vitukuu, mmoja baada ya mwingine. Akafika kwangu.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikikataa, kesho nchi nzima inasema nimemdharau mzee. Nikikubali na tonge likagoma kushuka, nalitema mbele ya simu zote zile.

Nikamtazama wifi. Akafungua mkoba, akatoa sindano zake za kufumia, akaegemea kiti.

Nikacheka. Na anayecheka mdomo hufunguka, Bibi hakuiachia nafasi hiyo.

Nilitafuna taratibu. Mafuta, chumvi, kitunguu. Machozi yalinitoka, nikameza.

"Mwongezeeni nyama huyu," Bibi akasema. "Mwembamba mno." Akanilisha la pili.

Nikaitwa jukwaani. Mshereheshaji kataja jina langu kwa mbwembwe zote, watu wanashangilia, mara Bibi akamvuta mwanawe mkono. Sauti yake ilisikika hadi kwangu.

"Mbona hamkuniambia kitukuu wangu anaimba?"

"Mama, huyo ni Kuralay. Msanii tuliyemwalika."

"Wa nani?"

"Si wa kwetu, mama."

Bibi akafikiri.

"Basi ameshakula kwetu. Aimbe."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilishindwa kuanza wimbo kwa raha niliyoisikia. Tangu nina miaka sita, yule alikuwa mtu wa kwanza kunitazama bila kunijua, na alichokiona ni mtoto anayehitaji kula.

Matonge mawili hayajaniponya, msidanganyike. Kwa daktari bado naenda. Ila siku ile niliimba nikiwa na nguvu mpaka wimbo wa mwisho.

Kama una mtu wako anayepigana na sahani yake, usimwambie amenenepa wala amekonda. Mvutie kiti tu, ukae naye mpaka amalize.