Chia Katika Ugali wa Baba Mkwe

Nilipoanza kutia mbegu za chia katika chakula cha nyumba yetu, tulikuwa tumebaki bomani watu wanne: mimi, watoto wetu wawili, na baba mkwe wangu. Mume wangu alikuwa Arabuni, akilinda lango la jengo ambalo hakuwahi kunieleza ni la nini. Mama mkwe tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

Mimi si wa huku. Nilizaliwa Kitui, kwenye ukame, nikaolewa katika vilima vya karibu na Birongo, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri na nguo huchukua siku mbili kukauka. Ekegusii, lugha ya huku, nilijifunza cha salamu na cha sokoni. Mama mkwe alikuwa akinisemesha polepole, neno moja moja, na nisipoelewa tunacheka sote wawili, kisha ananionyesha kwa mkono. Alipoondoka, nilibaki sina mtu wa kucheka naye jikoni. Watoto walizungumza lugha ya kwao kwa kasi, wakinigeukia kwa Kiswahili walipotaka kitu.

Baba mkwe alikijua Kiswahili kuliko watu wengi kijijini, kwa sababu alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai kwa miaka mingi. Lakini baba mkwe si mtu wa kupiga soga na mkamwana wake. Wenyeji wana heshima waiitayo chinsoni. Yeye haingii nyumbani kwangu, nami siingii chumbani kwake. Hatupeani mkono. Chakula chake nilikipeleka barazani, nikakiweka juu ya stuli, nikarudi kwangu, na akimaliza aliacha sahani palepale. Kati ya mlango wangu na wake palikuwa na uwanja mdogo tu, lakini kuna siku tulizosemezana mara mbili pekee: bwakire, salamu ya asubuhi, na mbuya mono, shukrani yake nilipomletea chakula.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Marani. Alikuwa akija kumwona baba yake mara moja kwa mwezi hivi. Siku moja alinifuata kisimani, akaniambia kwamba mzee anateswa na choo. Anakaa siku nne, tano, na tumbo linamuuma, lakini hawezi kunitamkia jambo kama hilo. Kisha akaongeza kwamba mimi ndiye ninayempikia, kwa hiyo niangalie ninachompa. Hakusema kwa ukali. Hata hivyo nilirudi nyumbani nimebeba maji na maneno yale, na maneno ndiyo yaliyokuwa mazito.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, muuguzi mmoja wa kanisani kwetu aliwafundisha kina mama mambo ya chakula. Alisema tumeacha mboga zenye uchungu, tumeacha wimbi, tunasonga unga mweupe asubuhi na jioni, halafu tunashangaa. Akatoa kopo dogo lenye mbegu ndogo kuliko ufuta, nyeusi na kijivu. Akazimimina katika glasi ya maji, na alipofika mwisho wa somo zilikuwa zimevimba, kila moja imejivika utelezi wake. Akasema zinalainisha tumbo, na kwamba zinaingia katika chakula chochote. Alisema mengine pia, kuhusu kipimo na maji, lakini wakati huo nilikuwa namfikiria mzee na sikuyashika.

Nilizipata sokoni Daraja Mbili, kwa mama anayeuza karanga na ufuta. Alinipimia kwa kikombe, akanifungia katika karatasi, akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema ninao wanne. Akacheka, nami nikajikuta nimesimama pale nikizungumza naye zaidi ya nilivyozungumza na mtu yeyote wiki ile.

Nilianza na uji. Nilipika uji wa wimbi kama kawaida, nikatia chia vijiko vingi kwa mkono wazi, nikafunika. Nilipofunua, uji ulikuwa umekuwa kitu kingine. Uliteleza kwenye mwiko na kuning'inia. Mtoto wangu mkubwa aliutazama akasema ni mayai ya chura. Mdogo akaanza kulia kwamba hatakunywa vyura. Niliwabembeleza, nikawatishia, mwisho wakaenda shuleni na ndizi mbivu mkononi. Kikombe cha mzee nilikipeleka barazani. Nilipokuwa nikifua nilimwona akitoka na kikombe, akakiinamisha polepole chini ya mgomba, akasimama kidogo akiangalia kuku wanavyoukimbilia. Hakujua kwamba namwona. Kikombe alikirudisha juu ya stuli kikiwa safi, na mbuya mono akasema vilevile.

Uji uliobaki niliunywa peke yangu, siku nzima, kidogo kidogo, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuumwaga.

Mume wangu alipopiga simu nilimsimulia, nikidhani atacheka. Alikuwa amechoka. Akasema niachane na mbegu za redioni, nimpe mzee chakula anachokijua. Nikamwambia si za redioni, ni za kanisani. Akasema ni sawa, akauliza kama watoto wana viatu, na mtandao ukakatika. Nilikaa na simu mkononi nikingoja apige tena. Hakupiga.

Ndipo nikapata akili ambayo baadaye ilinigharimu. Nilianika wimbi, nikachanganya na chia, nikapeleka kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine aliuliza ni nini kile cheusi, nikamwambia ni ufuta. Unga ulitoka wa kahawia ileile, na madoa machache ambayo usipoambiwa huyaoni. Nilisonga ugali, nikapika chinsaga na maziwa, mboga ile chungu mzee aliyoipenda tangu enzi za mkewe. Sahani ilirudi tupu. Watoto nao walikula bila neno. Nilisimama jikoni nikitazama sahani zile tatu zilizofutwa kwa vidole, nikafurahi kama niliyeshinda shindano. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Iliendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Nilijifunza kuificha kila mahali. Katika maharagwe haionekani kabisa. Katika maziwa mgando inajitokeza kidogo, lakini ukiyatikisa sana hayasemi. Ijumaa, tunapopika chakula cha Sabato mapema, nililoweka chache katika juisi ya pasheni, na watoto wakadhani ni mbegu za tunda. Kosa langu ni kwamba nilipoona kimya, nilidhani kimya ni nafuu. Niliposaga wimbi mara ya pili, nilitia chia maradufu ya ile ya kwanza.

Mzee si mnywaji wa maji. Hunywa chai, na hata hiyo nusu kikombe. Juma moja hivi baada ya unga ule mpya, tumbo lilimvimba. Alikaa barazani amejishika ubavu, hakwenda shambani, na chakula cha mchana alikiacha nusu. Nilimuuliza kutoka uwanjani kama anaumwa. Akasema ni uzee.

Wifi yangu alikuja siku ya pili yake. Alipomwona baba yake alivyokaa, aliingia jikoni kwangu bila kubisha, akafungua ndoo ya unga, akauchota, akautandaza kiganjani na kuupeleka mlangoni kwenye mwanga. Kisha akaona juu ya rafu kopo nililowekea chia.

"Hiki ni nini unachomtilia baba yangu?" akauliza.

Nilimweleza. Muuguzi, kanisa, Daraja Mbili, choo alichoniambia yeye mwenyewe. Lakini Kiswahili changu kilinitoka kwa haraka mno, kama cha mtu aliyekamatwa, na nilijisikia nikisikika hivyo. Akaniuliza jambo moja tu: kama ni dawa nzuri, mbona nimeisaga. Mbona mzee hajui. Aliondoka na kopo mkononi, akavuka uwanja, na nikawasikia wakizungumza kwa lugha yao, sauti yake juu, ya mzee chini. Nilishika neno moja moja tu. Chakula. Mgeni. Mbegu.

Huku neno kama hilo halichezewi. Mwanamke akishasemwa kwamba anatia kitu katika chakula cha mwenye boma, hata akija kutakasika, watu hukumbuka lile la kwanza. Jioni nilipeleka ugali barazani kama kawaida. Asubuhi niliukuta palepale, umekauka, haujaguswa hata kwa kidole. Nikapeleka uji mtupu wa mahindi. Ukabaki. Siku ya pili nikapeleka ndizi za kuchemsha ambazo hazina mahali pa kuficha kitu. Zikabaki. Mzee alikuwa akila kwa mke wa jirani, nilimwona akirudi kwa kijia cha shambani akijikongoja kwa fimbo. Watoto waliniuliza kwa nini babu hali kwetu. Kisimani wanawake walinisalimu kama siku zote, lakini mazungumzo yao yalisubiri niondoke. Siku hizo tatu sikumbuki kama nilikula.

Siku ya nne nilivaa kitenge, nikachukua bakuli, maji, kijiko, na konzi ya chia niliyokuwa nimeibakiza katika karatasi. Nikavuka uwanja. Mzee alikuwa ameketi barazani. Sikupanda. Nilikaa kwenye nyasi, mbali kama heshima inavyotaka, nikamimina maji, nikatia mbegu, nikangoja mpaka zikavimba. Kisha nikala, kijiko baada ya kijiko, yeye akinitazama, mpaka bakuli likaisha.

"Baba," nikamwambia, "nilikudanganya. Sikukuwekea ubaya, lakini nilikudanganya."

Akasema alijua kuna kitu tangu ugali wa kwanza, kwa sababu zilimkwama kwenye pengo la jino. Alidhani ni mchanga wa mashine, na hakutaka kuniaibisha kwa kusema ugali wangu una mchanga.

Sikujua kama nicheke au nilie. Nikamwambia kwamba ule uji nilimwona akiwamwagia kuku.

"Na mimi nilijua umeniona," akasema. "Ungeniuliza, mkamwana. Hakuna anayeniuliza kitu tangu mama yao aende."

Nilimwambia kwamba hata mimi hakuna anayeniuliza. Ilinitoka tu. Akainamisha macho, akaigeuzageuza fimbo yake, na baadaye akasema twende kwa yule muuguzi, asikie mwenyewe.

Tulikwenda kesho yake, yeye mbele mimi nyuma. Muuguzi alinikemea mimi kabla ya kumsikiliza yeye. Kijiko kimoja kwa siku kwa kuanzia, akasema, tena kilicholowekwa, na maji glasi baada ya glasi, la sivyo zinanyonya maji tumboni na kufunga badala ya kufungua. Akaangalia vidonge vya presha vya mzee, akasema daktari wake naye aambiwe. Alisema hayo yote alikuwa ameyafundisha kanisani. Nikakubali kwamba sikuwa nimesikia.

Tangu hapo mzee alitia chia yake mwenyewe. Nilimpelekea uji mtupu, na pembeni kibakuli cha mbegu zilizolowekwa, na jagi la maji. Alizikoroga kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiandika risiti za majani chai. Tumbo lilitulia taratibu, na wala hakunitangazia. Nilijua kwa sababu alirudi shambani. Watoto walipomwona babu anakunywa vyura, mdogo alitaka kuwaonja. Mkubwa hajakubali mpaka leo, anachomoa mbegu kwa kijiko na kuzipanga kwenye ukingo wa sahani.

Wifi yangu hakuniomba radhi. Mzee alimweleza, hilo nalijua, kwa sababu kopo lilirudi likiwa limefungwa vizuri ndani ya kikapu cha parachichi. Lakini wifi bado hali chakula changu. Akija anabeba chakula chake katika chombo, anasema ameshiba njiani, na mimi simlazimishi. Wanawake wawili wa kisimani wameniuliza chia inalowekwa vipi. Wengine bado hunyamaza nikifika.

Mume wangu alikuja Desemba, kwa majuma matatu. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia yote, nimeyapanga kichwani jinsi nitakavyoanza. Asubuhi ya kwanza nilimpa uji wenye chia, nikakaa mbele yake. Aliunywa wote akiangalia simu, akafuta midomo, akasema asante. Nikamuuliza kama ameona chochote ndani yake. Akasema huko walipo wanapikiwa na kampuni, na mtu hujifunza kutotazama sahani. Alisema hivyo bila uchungu, na nikaona mashavu yake yalivyoingia ndani, nikaiacha hadithi yangu. Siku ya kuondoka nilimfungia mbegu katika chupa. Aliitoa kwenye begi akasema mzigo umezidi uzito.

Baada ya kwenda kwake nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hajaja. Nilipika kwa ajili ya mtu mmoja zaidi kwa siku tatu, mkono ukisahau. Siku ya nne nilipeleka uji barazani, nikarudi kukaa kwenye kizingiti changu na kikombe changu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha uwanja umejaa madimbwi. Mzee alikoroga, akaonja, akainua kichwa.

"Leo ni mzito," akasema kutoka kwake.

Nikamwambia kesho nitaongeza maji. Akaitika, akaendelea kunywa, na mimi nikaendelea.