Nilivyompeleka Mama Mkwe Kuonyeshwa Bahari

Sijui nilipatwa na nini. Mimi ni mkulima wa Kakuyuni, na bahari naijua kwa kuitazama nikiwa nimesimama pakavu. Lakini mama mkwe alipotutembelea kutoka Mambrui, nilitaka anione mwanamume wa kujua mambo, nikampeleka Watamu.

Kutwa nilimsomesha. Haya ndiyo majabali, Mama. Humu ndimo kaa wanamojificha. Naye akiitikia tu, "Ala! Kumbe!" Maji yalikuwa yamekupwa, tukavuka kwa miguu hadi kwenye jabali lililo mbele ya ufuo. Nikatandika mkeka, tukala mahamri na mbaazi.

Kugeuka nyuma, mchanga tuliopitia haupo. Ni maji matupu. Nikaruka nikasimama.

Mama akakunja mkeka bila haraka. "Maji yanajaa, mwanangu. Twende kabla hayajazidi."

"Kwani ulijua, Mama?"

"Mimi ni binti wa mvuvi. Lakini ulivyokuwa na furaha ya kunionyesha, sikuwa na moyo wa kukukatiza."

Tukaingia. Maji yalipofika kiunoni, simu niliyoiinua juu ikalia. Alikuwa mke wangu, Zuhura. Nikafungua spika.

"Mama yuko salama?"

"Usiwe na wasiwasi," nikamjibu, meno yakigongana. "Nimemshika mkono."

Mama akaisogelea simu. "Zuhura, ni mimi niliyemshika yeye. Hebu mwambie alegeze kidogo, vidole vyaniuma."