Mshika Funguo wa Majengo

Kampuni ya kupangisha nyumba ilimwajiri kushika funguo na kuonyesha vyumba, kazi ya chini kabisa pale ofisini. Paa likivuja, sisi wapangaji wa Majengo tulimfokea yeye. Chumba kikikaa kitupu, tajiri wake alimfokea yeye. Wakati wa masika viatu vyake vilijaa matope mekundu, naye alikaa barazani kwangu akivikwangua kwa kijiti huku akipiga mluzi. Siku moja alimleta kwenye chumba kitupu jirani na changu Mwamvita, mpika vitumbua aliyekuwa amekataliwa nyumba nyingi kwa sababu ya moshi wa jiko lake. Alifungua dirisha kwanza, mlima ukaonekana, kisha akampisha aingie.

“Na tajiri wako akilikataa jiko?” Mwamvita aliuliza.

“Atanifokea, mama. Amezoea, nami nimezoea.”

Mwamvita aliweka kikaango chake katikati ya sakafu, akakaa kando yake, akacheka peke yake. Mshika funguo akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akatoka. Hapo akakumbuka kwamba kofia yake imebaki ndani. Mlango ulikuwa wazi, na kofia aliiona, lakini alisimama nje, akasema, “Hodi,” akangoja mpaka alipokaribishwa.